Fundi Aliyekataa Kunipigia Windows: Tathmini ya Duka la Ufundi wa Kompyuta Nyuma ya Soko la Kati, Moshi

Duka ninaloliandikia tathmini hii halina jina ninaloweza kulitaja, kwa sababu kibao chake kina maneno matatu tu yaliyoandikwa kwa brashi: Kompyuta, Printa, Chaja. Liko ghorofa ya kwanza, nyuma ya Soko la Kati hapa Moshi, juu ya duka la vitenge, na ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda na printa humlazimisha anayeshuka kurudi juu akamsubiri. Nilifika hapo bila kuelekezwa na mtu, nikitoka kwa fundi mwingine nikiwa na hasira, na tangu siku hiyo nimerudi mara mbili kwa hiari yangu.

Mimi ni mtunza hesabu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa upande wa Kibosho. Laptopu ya chama ni ya mtumba, tumekaa nayo miaka minne, na ndani yake ndimo zilimo kilo za kahawa ambazo kila mwanachama ameleta, malipo ya awali aliyopokea, makato ya pembejeo, namba yake ya simu na namba ya akaunti yake ya benki. Jioni moja ya Novemba 2025 umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuingiza mapokezi ya siku. Betri ilikuwa imeshakufa zamani, hivyo kompyuta ilizimika palepale kama taa. Umeme uliporudi iliwaka, ikaleta ukurasa wa kuingilia, ikakubali nywila yangu, kiduara kikazunguka kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha kioo kikawa cheusi tii na kubaki na mshale mweupe wa kipanya peke yake. Nilipousogeza, ukasogea. Hilo ndilo lililonichanganya zaidi, kwa maana mashine iliyokufa hujulikana kuwa imekufa, lakini hii ilikuwa inanisikia na haitaki kunifungulia.

Niliizima na kuiwasha tena. Niliiacha dakika arobaini huku nikipika, nikakuta kioo vilevile. Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam aliniambia kwa simu, "Shangazi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litakuja dirisha la Task Manager, hapo fungua kazi mpya, uandike explorer.exe." Nilifanya hivyo. Dirisha lilichukua dakika nyingi kufunguka, na nilipoandika neno lile, meza ya kompyuta, yaani ule ukurasa wa kwanza wenye alama, ilijitokeza kweli, alama za mafaili zikaja moja moja kama watu wanaoshuka daladala, kisha kila kitu kikaganda. Nilirudia zoezi hilo usiku kucha na asubuhi yake, jambo ambalo sasa ninajua sikupaswa kulifanya.

Kuhusu duka la kwanza, ambalo sitalitaja wala kulielekeza, nitasema machache. Kijana aliyekuwepo aliitazama laptopu kwa muda usiozidi dakika mbili, akasema, "Hii ni ya kupiga Windows tu, mama. Elfu ishirini, baada ya saa mbili uje uchukue." Nilipouliza mafaili yangu yatakuwaje, alijibu kwamba yaliyo kwenye D yatabaki, yaliyo mezani ndiyo yatakayoondoka. Kazi yangu yote ya msimu ilikuwa mezani. Sikusikia swali hata moja kutoka kwake kuhusu siku tatizo lilipoanza, wala kama nina nakala mahali pengine. Ninakubali kwamba kupiga Windows upya, yaani kufuta mfumo uliopo na kusimika mwingine, huondoa matatizo mengi, na ndiyo maana mafundi wengi mjini wanakimbilia huko. Lakini ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu mlango umekwama, wakati hujaangalia kama wenye nyumba wamo ndani.

Katika duka la nyuma ya soko nilipokewa na kijana wa makamo ya miaka thelathini hivi, aliyeniamkia shikamoo kabla hajaitazama mashine, akafungua daftari kubwa la kaunta na kuanza kuuliza. Ilianza lini? Umeme ulikatika kabla au baada? Kuna programu yoyote mpya iliyowekwa wiki hiyo, hasa ya kuzuia virusi? Unaingia kwa akaunti ya Microsoft au ya mashine yenyewe? Swali hilo la akaunti nililiona halihusiani, naye akanieleza kwamba laptopu nyingine hufungwa diski yake kwa msimbo, na ukiisoma diski hiyo kwa njia tofauti na ya kawaida hudaiwa ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa katika akaunti hiyo. Asiyeupata hupoteza kila kitu. Yetu haikuwa imefungwa. Swali lake la mwisho lilikuwa hili: "Mama, tangu ianze hivi umeiwasha mara ngapi?" Nilihesabu vidole nikasema labda mara kumi na moja. Aliandika kumi na moja daftarini, akashusha pumzi, wala hakunisema.

Kwa maoni yangu sifa kubwa ya duka hili imo katika nusu saa iliyofuata, kwa kuwa fundi alifanya kazi huku akinieleza kila hatua inamwambia nini, bila kunionyesha kwamba sijui. Alisema kwamba nywila ni geti tu. Baada ya geti, Windows hulisoma faili moja lenye mipangilio yote ya mtumiaji, kisha huiwasha Explorer, ambayo ndiyo inayochora meza, alama na ule mstari wa chini, na hatimaye huziita programu zote zilizopangiwa kujiwasha zenyewe. Mtu anayekwama kwenye kioo cheusi chenye mshale amekwama mahali fulani katika safari hiyo, au barabara yenyewe, yaani diski, imebomoka. Kazi ya fundi ni kujua ni wapi, kabla ya kushika kitu chochote.

Alichomoa flashi, kipanya cha nje na waya wa printa, kwa sababu wakati mwingine kifaa kibovu hutosha kuizuia mashine. Akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B, ambavyo huianzisha upya programu inayoendesha kioo; kikasikika kimlio kifupi, kioo kikapepesa, kisha kikarudi kuwa cheusi. Kwa hiyo, alisema, kioo hakina kesi ya kujibu. Akafungua lile dirisha la Task Manager na kunionyesha safu ambayo mimi usiku wote sikuiangalia: diski ilikuwa inatumika kwa asilimia 100, huku kiasi inachosoma kikiwa ni kilobaiti chache tu kwa sekunde. "Inahema sana na haitembei," alisema, na maneno hayo sijayasahau.

Hakuishia hapo, ingawa naona tayari alikuwa na jibu. Alirudi kwenye ukurasa wa kuingilia, akashikilia Shift huku akichagua kuiwasha upya, akapitia kurasa za matengenezo hadi kwenye orodha ya namna za kuwaka, akabonyeza 4 ili iwake katika hali salama, ambamo Windows huita vitu vya lazima peke yake. Alinieleza kwamba kama ingefunguka haraka huko, angeshuku programu zinazojiwasha zenyewe au programu ya kioo. Haikufunguka haraka. Alijaribu akaunti ya pili, ile ambayo katibu wetu huitumia, kwa maana kama ingefunguka vizuri angejua kuwa ni mipangilio ya akaunti yangu ndiyo iliyoharibika, na dawa yake ingekuwa kufungua akaunti mpya na kuyahamishia mafaili huko. Nayo ilisuasua vilevile. Kwa kuwa virusi vingine hubadilisha jina la programu inayopaswa kuchora meza, aliangalia katika rejista ya Windows, yaani hifadhi yake ya mipangilio, mstari unaoitwa Shell, akaukuta unasomeka explorer.exe kama inavyotakiwa.

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia: aliizima kabisa na kukataa kuiwasha tena kwa Windows. Niliwahi kusikia kwamba kuna amri ya kurekebisha diski, nikamuuliza kwa nini asiitumie. Alisema amri hiyo huipekua diski nzima na kuandika juu yake, na diski inayoelekea kufa ukiifanyisha kazi hiyo unaweza kuimalizia. Kwanza unatoa watu ndani, ndipo unatengeneza paa. Aliiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ambayo haiugusi mfumo uliomo ndani, akafungua kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Alinigeuzia kioo nione mistari miwili. Wa 05 ulikuwa na namba 1,208, nao huhesabu vipande ambavyo diski imeshavikataa na kuvibadilisha kwa vya akiba. Wa C5 ulikuwa na 376, nao huhesabu vipande vinavyosubiri, ambavyo diski inajaribu kuvisoma na haijafanikiwa. Katika diski yenye afya, alisema, mstari huu wa pili unatakiwa uwe sifuri.

Nilimwambia basi ni umeme ulioiua. Hakukubali moja kwa moja. Alisema kukatika kwa umeme ghafla wakati diski inaandika kunaweza kuharibu mafaili, lakini vipande vingi hivyo havikuharibika kwa jioni moja. Diski ya mzunguko kama ile, ya mizunguko 5,400 kwa dakika, ina sindano inayoelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno, na aliniuliza kama nina tabia ya kufunga kifuniko na kuitia mkobani hapohapo. Ninayo. Barabara ya kwetu anayeijua anaijua.

Jambo jingine niliona hapo ambalo ninawaomba wote wanaotunza taarifa za watu walifikirie. Alipokuwa kwenye Linux, fundi alifungua makabrasha yangu yote, orodha ya wanachama ikiwemo, na nywila niliyokuwa nikiilinda kama ufunguo wa sefu haikuulizwa hata mara moja. Nywila hulinda geti la Windows. Diski isiyofungwa kwa msimbo husomwa na yeyote aliyeishika. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, nami nilikuwa nikidhani inawahusu watu wa benki na kampuni za simu.

Kunakili hakukuwa kwa kuburuta mafaili kutoka hapa kwenda pale. Alitumia programu inayosoma kwanza sehemu nyepesi za diski nzima, ikiziruka zile ngumu, kisha kurudi kuzipigania zilizobaki, kwa hoja kwamba kama diski itafia njiani, angalau kilichokuwa rahisi kitakuwa kimeshatoka. Ilianza saa nne asubuhi siku ya Jumanne ikalala hapo dukani ikiendelea. Jumatano jioni alinipigia simu kwamba kila kitu kimetoka isipokuwa mafaili matatu: picha mbili za mkutano mkuu na karatasi ya mapokezi ya Agosti. Picha nilizisamehe. Agosti niliijenga upya kutoka kwenye nakala za stakabadhi za karatasi, jioni mbili mfululizo, nikishukuru kwamba wazee wa chama walikataa pendekezo langu la kuachana na stakabadhi za karatasi.

Baada ya mafaili kuwa salama ndipo alipozungumzia diski mpya, nami niliona hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mchuuzi. Aliweka SSD ya gigabaiti 256, ambayo haina sahani wala sindano, akasimika Windows 10 upya, na ikajithibitisha yenyewe mara tu ilipopata intaneti, kwa kuwa leseni ya mashine yetu inatambuliwa kwa ubao wake mkuu na si kwa diski. Hakuniuzia leseni ambayo sikuihitaji, ingawa angeweza, na mimi nisingejua. Pia aliniambia bila kuulizwa kwamba Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwamba prosesa yetu ya kizazi cha sita haimo katika orodha rasmi ya Windows 11, ambayo kwa Intel, ukiacha chache, huanzia kizazi cha nane, na kwamba ameiandikisha mashine katika mpango wa nyongeza unaofikia tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo, alisema, chama kijipange.

Malipo yalikuwa hivi: uchunguzi shilingi 10,000, kunakili 30,000, SSD 85,000, kuifunga na kusimika mfumo 20,000, jumla 145,000. Ni zaidi ya mara saba ya bei ya duka la kwanza, na mwenyekiti wangu aliiuliza tofauti hiyo kwa sauti. Nilimjibu kwamba kwa elfu ishirini tungepigiwa Windows mpya juu ya diski ileile inayokufa, hesabu za msimu zikiwa zimefutwa, na baada ya wiki chache tungekuwa tena kwenye kioo cheusi. Hakuuliza tena.

Sasa kasoro, maana zipo, na moja si ndogo. Fundi aliandika nywila yangu kwenye karatasi ya kunata na kuibandika juu ya kifuniko, mashine ikakaa hivyo siku mbili kwenye rafu ambayo kila mteja anaisoma akisubiri zamu. Nilipomwambia, aliona haya na kuibandua, lakini laptopu nyingine tano zilibaki na karatasi zao. Diski ya zamani nayo hakunirudishia mpaka nilipoiulizia; ilikuwa kwenye ndoo pamoja na nyingine, haina alama yoyote, akaitambua kwa namba aliyoiandika daftarini. Baada ya kuona jinsi diski hiyo inavyosomeka bila nywila, nisingeondoka bila hiyo hata kama ningengoja hadi usiku. Risiti ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya kipande cha karatasi. Ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilitoka nilipoeleza kwamba mkaguzi wa chama hapokei kitu kingine. Aliahidi Jumatano asubuhi, nikachukua Alhamisi mchana. Viti viko viwili, na kimoja huwekwa jenereta ndogo.

Kwa nyota ningempa nne kati ya tano, na hiyo moja ninaishikilia kwa ajili ya karatasi za nywila na ndoo ya diski. Anayekwenda hapo aende asubuhi, aache mashine ikiwa imezimwa, asijaribu kuiwasha tena nyumbani "kwa mara ya mwisho" kama nilivyofanya mimi, na abadilishe nywila yake siku anayoichukua. Anayetaka kupigiwa Windows kwa saa mbili na kuondoka hatapendezwa, kwa maana kijana huyu atamuuliza maswali.

Miezi mitatu sasa imepita. Ninaingiza nywila, na kabla sijaketi vizuri meza imeshafunguka. Kila Ijumaa ninanakili hesabu kwenye flashi mbili, moja inakaa kwa katibu. Diski ya zamani iko kwenye sefu ya chama, ndani ya bahasha yenye tarehe. Betri fundi alisema ni 60,000 na kwamba ninachelewa. Sijainunua, mwenyekiti anasema tungoje malipo ya pili.